Raketi Iliyolia Kuliko Zote

Achieng alinipigia simu juzi asubuhi nikiwa nachambua mchele, akaniambia Mwalimu Odhiambo, aliyetufundisha tenisi, amefariki huko kwao Sindo. Nikasema pole. Akangoja. Achieng namjua tangu tulipokuwa tukicheza tenisi pamoja katika shule ya wasichana hapa Migori, mimi na yeye upande mmoja wa wavu, na najua akinyamaza kwenye simu ana jambo analolitaka. Mwishowe akasema, "Sasa Boke, tunatengeneza kile kitabu cha mazishi. Familia inataka mtu wa tenisi aseme kitu. Wewe ndiyo ulikuwa kapteni. Andika mbili tatu, lakini nzuri, sawa?" Nikamwambia nzuri sina. Akacheka akidhani namtania. "Ai, Boke, mtu akishakufa si unamwachia tu." Sijui ni nani aliyeitunga sheria hiyo ya kuwaachia wafu, lakini namshuku kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mengi ya kufunikiwa. Mimi huyu mzee hakunikosea akiwa maiti, alinikosea akiwa hai na nguvu zake, amevaa kofia nyeupe na filimbi shingoni. Ninachoweza kuandika ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa kidato cha tatu, katikati ya miaka ya tisini, na ninavyoujua hautatoshea katika kitabu chao.

Raketi za shule zilikaa stoo, nyuma ya chumba cha walimu, pamoja na magunia ya mahindi na maharagwe ya jikoni. Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye wavu wa mbu uliochanika, na harufu yake ilikuwa ya vumbi la mahindi na dawa ya kuua dumuzi wa nafaka, hata leo nikifungua gunia nyumbani naisikia filimbi ya yule mtu. Raketi zilitundikwa kwenye misumari ukutani, na kila mwanzo wa muhula tulipanga foleni mlangoni atugawie. Sasa hapa lazima nieleze jinsi alivyogawa, kwa sababu mambo yote yalitokea hapo. Mwalimu Odhiambo alikuwa na binamu huko Sindo aliyetengeneza nyatiti, kile chombo cha nyuzi ambacho Wajaluo hupiga kwenye matanga na harusi, na binamu huyo ndiye aliyetia nyuzi raketi zetu zikikatika. Alitumia nailoni ya wavuvi, ile nene ya kunasia mbuta, na alikaza jinsi alivyokaza nyatiti yake, anavuta, anapiga kwa ukucha, anasikiliza, anavuta tena mpaka ilie juu kabisa. Mwalimu naye aliitoa raketi msumarini, akaiweka karibu na sikio, akaipiga kwa ukucha wa kidole gumba. Iliyolia juu zaidi ilikuwa raketi ya kwanza na ilikwenda kwa kapteni. Iliyofuata kwa sauti ilikwenda kwa mchezaji wa pili, na hivyo hivyo kushuka, mpaka zile zilizosema bu, ambazo walipewa watoto wa kidato cha kwanza au hazikupewa mtu. Hakuuliza unachezaje. Hakutazama mkono wako mkubwa au mdogo. Tulikuwa tunapangwa kwa masikio yake.

Mimi nilikuwa mchezaji wa kwanza, kwa hiyo nikapewa iliyolia kuliko zote. Ilikuwa ya aluminiamu, nyepesi, inang'aa, na wenzangu waliniangalia kwa wivu nikiipokea. "Chukua, nyar Ntimaru," akaniambia, maana Wajaluo humwita msichana binti wa kwao, na mimi ni Mkuria wa Ntimaru. "Nyinyi mna mikono ya kukamua ng'ombe. Hii haiwezi kukushinda." Nikaona ni sifa. Nikaenda nayo uwanjani nimevimba kichwa, nikapiga mpira wa kwanza, na ile raketi ikatetemeka mpaka kwenye meno. Mpira ulifika katikati tu ya uwanja wa wenzangu ukalala. Mshikio wake ulikuwa mnene, na mtu alikuwa ameuongeza unene kwa kuuzungushia tyubu ya baiskeli ili usiteleze, basi vidole vyangu havikuweza kukutana na kiganja, nikawa nauminya kama mtu aliyeshika nyoka. Nilidhani kosa ni langu. Mtoto akipewa kitu ambacho kila mtu anakitaka, hawezi kufikiri kwamba kitu chenyewe ndicho kibaya.

Siku hizi Jumamosi nawafundisha watoto kwenye kile kiwanja cha zamani nyuma ya nyumba za serikali, na mzazi akija na mtoto na raketi mpya ndani ya karatasi, sitazami raketi. Namtazama mtoto. Anasimama wapi akicheza, nyuma kabisa au anakimbilia wavu? Anapiga kwa mzunguko mrefu wa mkono au anakinga tu? Anayesimama nyuma na kuzungusha mkono anahitaji raketi yenye uzito kidogo, inayopinda kidogo mpira ukigonga, ili mshtuko umezwe na raketi na usiishie kwenye kiwiko. Anayekimbilia wavu anaweza kupewa nyepesi, aigeuze upesi. Mshikio napima kwa kidole: mtoto akishika, kidole cha shahada cha mkono wa pili kiingie sawasawa katika nafasi kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikibanwa, mshikio ni mwembamba, kikielea, ni mnene. Na nyuzi nalegeza, hasa kwa mtoto mdogo, kwa sababu nyuzi zilizolegea kidogo huusukuma mpira zenyewe na kuuacha mkono upumzike. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ogwedhi, akamletea bintiye raketi ya bei, na kabla sijaigusa akaiinua sikioni akaipiga kwa ukucha. "Sikia inavyolia, mwalimu," akaniambia, ameridhika kabisa. Nilimwambia aende nayo nyumbani akaitundike ukutani aipige wageni wakija, na yule bwana akanuna mpaka leo.

Nirudi kwenye mwaka ule. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa na maumivu kwenye kile kifupa cha nje ya kiwiko, kwanza nikicheza tu, halafu nikiandika, halafu nikifungua mlango. Siku moja bwalo la chakula lilikuwa limejaa, ugali na sukuma na maharagwe kidogo yenye wadudu wake, na nilipojaribu kuchukua kikombe cha maji kwa mkono wa kulia, kikanitoka, maji yakamwagikia meza nzima. Basi nikaanza kula kwa mkono wa kushoto. Si kwetu Ukuria, si kwao Ujaluoni, hakuna mahali ambapo msichana mwenye adabu anaingiza mkono wa kushoto kwenye ugali mbele za watu. Msichana mmoja akasogeza sahani yake mbali na yangu. Achieng, aliyekaa pembeni yangu, akanong'ona, "Boke, unatuaibisha." Nikamwambia mkono hauendi mdomoni. Akasema, "Basi mwambie mwalimu mbadilishane na mimi, mimi naipenda hiyo." Na kweli ingemfaa, kwa sababu Achieng alicheza akiwa amesimama wavuni, anakinga mipira kwa mikato mifupi, hakuwa na haja ya kuzungusha mkono kama mimi. Tukaenda wote wawili kumwomba. Mwalimu Odhiambo alitusikiliza huku akikoroga chai, kisha akauliza, "Mfalme anaweza kubadilishana kiti na mlinzi?" Hakungoja jibu. Kapteni anashika raketi ya kwanza, akasema, na mkono utazoea.

Mkono haukuzoea. Metroni, mama mmoja mpole aliyelala katika chumba kilichotenganishwa na chumba cha chai cha walimu kwa ukuta wa plaiwudi, alikuwa akiniita baada ya masomo anikande kiwiko kwa kitambaa cha maji moto na chumvi. Chumba chake nakikumbuka vizuri, kitanda cha chuma, pazia la maua, mafuta ya kujipaka dirishani, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani aliowakaanga kwa siri kwenye jiko la mafuta taa. Siku moja nimekaa pale na kitambaa mkononi, nikamsikia Mwalimu Odhiambo upande wa pili wa plaiwudi akizungumza na naibu wa mwalimu mkuu. Naibu aliuliza kama ni kweli kapteni ana shida ya mkono. "Hana shida," Mwalimu akajibu. "Anajifanya. Hao watu wa Ntimaru hawasikii uchungu, unawajua. Anataka kudeka tu kwa sababu anajua namtegemea kule Homa Bay kwenye mashindano ya mkoa." Naibu akacheka, vikombe vikagongana, wakaingia habari za mishahara. Metroni alikuwa amesikia kila neno kama mimi. Aliendelea kunikanda, hakuniangalia usoni. Niliona afadhali angenipiga kofi yule mwalimu kuliko kusema vile, maana kofi lingekubali kwamba nina mwili unaouma.

Raketi ya mbao niliipata humo humo chumbani kwa metroni. Ilikuwa moja ya zile zilizosema bu, kuukuu, rangi imebanduka, nyuzi zake za zamani zimelegea na kuwa na rangi ya chai, na metroni aliichukua stoo kwa ajili ya kupigia magodoro yakianikwa juani. Jumapili moja alinituma nipige magodoro ya bweni. Nikaanza kupiga kwa mkono wa kushoto, kisha kwa mazoea nikahamisha kulia, na nikashangaa kwamba haikuniuma. Nikatafuta mpira. Nikaenda nyuma ya bweni kwenye ukuta nikapiga, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, na ile raketi nzito ilikuwa ikiupokea mpira, inapinda kidogo, inaurudisha mbali. Mshikio wake ulikuwa mwembamba, vidole vikajifunga vyenyewe. Nilipiga mpaka kengele ya chakula ikalia nikiwa bado napiga, machozi yananitoka kwa furaha, na siyo aibu kusema. Sikuwa dhaifu na sikuwa nadeka. Nilikuwa nimepewa chombo cha kuniumiza, nikaambiwa ni zawadi.

Kesho yake nikaipeleka kwa Mwalimu Odhiambo, nikamweleza, nikamwomba nicheze nayo Homa Bay. Aliichukua, akaipiga kwa ukucha karibu na sikio, ikasema bu. Akawageukia wenzangu waliokuwa wanafunga kamba za viatu. "Kapteni wenu anataka kwenda mkoani na fimbo ya godoro." Wakacheka wote. Nikamwambia, "Basi mwalimu, ile nyingine ilegezwe hata kidogo." Hapo uso ukambadilika. "Binamu yangu alikuwa anakaza nyuzi kabla mama yako hajaolewa," akasema. "Wewe utamfundisha kusikia?" Kisha akasema polepole, ili nielewe, kwamba nikionekana tena na kile kitu uwanjani, nitatolewa kwenye timu na nitarudi Ntimaru kuchunga. Nilisema ndiyo mwalimu. Nikairudisha chumbani kwa metroni. Yeye akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia. Akatazama mlangoni, akasema, "Mimi siku za safari yenu sitapiga magodoro, na sijui raketi yangu itakuwa wapi siku hizo." Akatoka kwenda kuwahesabu watoto. Nikaizungushia blanketi langu, ikasafiri nami kwenye lori la shule mpaka Homa Bay bila mtu kujua.

Tulilazwa katika darasa la shule iliyotualika, madawati yamesukumwa ukutani na magodoro yamepangwa sakafuni, na upepo wa ziwani ukipita kwenye vioo vilivyovunjika. Chakula cha kule kilikuwa kizuri kuliko chetu, lazima niseme, ngege wa kukaanga na ugali wa moto, na nililia moyoni kwamba sikuweza kumchambua samaki vizuri kwa mkono wa kushoto. Nikiwa nanawa nje ya dirisha la jikoni, nikasikia wasichana wawili ndani wakisuka mipango. Walikuwa wenyeji wetu. "Yule kapteni wa Migori anakula kama mtoto mchanga," mmoja akasema. "Mkono wake umeisha. Wewe mpigie upande wa kushoto tu, alazimike kurudisha kwa nyuma ya mkono, gemu yote, atajichosha mwenyewe." Mwingine akasema, "Na akilia?" Akajibiwa, "Akilia si ndiyo vizuri." Sikuwachukia. Wao angalau walikuwa wameona ule mkono, na wameuona kwa macho yao kutoka meza ya pili, wakati mwalimu wangu aliyekula na sisi kila siku hakuwa ameuona.

Wakafanya walivyosema. Katika mechi ya kugombea kombe, seti ya kwanza nilicheza na ile ya aluminiamu kwa sababu Mwalimu alisimama kando ya uwanja na kofia yake, na yule msichana alinipigia nyuma ya mkono mpira baada ya mpira mpaka kiwiko kikawa kinachoma kama kimewekwa kwenye kaa. Mwishoni sikuweza hata kuanzisha mpira vizuri, nilikuwa natupa juu na kuusukuma tu. Nilipoteza seti ile vibaya. Nikaenda kwenye mfuko wangu kunywa maji, na hapo nikapiga moyo konde. Nikavuta blanketi, nikatoa raketi ya mbao. Watu walipoiona wakaanza kucheka, mzee mmoja akauliza kama tumeitoa makumbusho, na nikamsikia Mwalimu Odhiambo akiita jina langu, mara moja, kwa sauti ya chini. Sikugeuka. Nikarudi nyuma kabisa ya uwanja, mahali pangu, nikazungusha mkono mzima. Mpira ukaenda mbali ukatua karibu na mstari wa mwisho. Yule msichana aliurudisha nyuma ya mkono wangu kama alivyopanga, na mimi nikaurudisha tena mbali, na tena, na kiwiko kikanyamaza kabisa. Kicheko kikapungua, kikaisha. Seti ya pili nikaichukua. Ya tatu nikaanza kuongoza, na watu wa Homa Bay wenyewe, ambao sikuwadai chochote, wakaanza kunipigia makofi.

Hapo ndipo Mwalimu Odhiambo akaingia uwanjani. Alitembea mpaka kwenye kiti cha refa, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akainua mkono. "Tunamwondoa mchezaji wetu," akasema. Refa akadhani hakusikia vizuri. "Mbona, mwalimu? Si ndiye anaongoza?" Naye akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye watu, "Mkono wake ni mgonjwa. Umekuwa mgonjwa mwaka wote huu. Mimi hapa ndiyo mzazi wake, siwezi kuruhusu mtoto wa wenyewe aharibike." Nilisimama na raketi yangu nikashindwa kuamini masikio yangu. Mwaka mzima nilikuwa nimemwomba mtu huyu akubali maneno hayo, kwenye stoo, mbele ya chai yake, mbele ya wenzangu, na akayakataa. Sasa ameyakubali siku ambayo mkono umepona. Refa aliniinamia. "Binti, ni kweli unaumwa?" Nikamwambia, "Ulikuwa unauma, mama, nikicheza na ile nyingine. Nikicheza na hii hauumi." Alimtazama Mwalimu Odhiambo, akavua miwani, akaifuta kwa kitenge chake. Kisha akasema aliyeleta timu ndiye mwenye kauli juu ya afya ya watoto wake, na yeye hawezi kupita hapo. Akatangaza. Yule msichana wa Homa Bay akaja wavuni kunipa mkono, na alikuwa na haya usoni kana kwamba yeye ndiye aliyefanya.

Mwalimu akanyoosha mkono akataka ile raketi. Nikamwambia nitamrudishia mwenyewe, metroni. Kwenye lori alikuja akakaa karibu nami, jambo ambalo hakuwahi kufanya, na tulipokuwa tunapita Rongo akasema bila kunitazama, "Ulitaka kuonyesha watu mimi ni mjinga." Nikamwambia, "Nilitaka mkono wangu, mwalimu." Akasema, "Mkono, mkono," kama mtu anayetema kitu, akahamia mbele kwa dereva. Achieng akaninong'oneza kwamba ningevumilia tu zile gemu chache na ile ya aluminiamu, angalau tungeshindwa kwa amani. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba kwake yule bwana haikuwa habari ya kushinda wala kushindwa. Angeweza kupoteza na raketi iliyolia. Kushinda na ile iliyosema bu ndiko ambako hakuweza kukuvumilia, kwa maana stoo nzima ingemgeuka, na misumari yote, na binamu yake, na sikio lake.

Jumatatu asubuhi tulikusanyika mstarini mbele ya bendera, na naibu wa mwalimu mkuu akamwita Mwalimu Odhiambo atoe habari za michezo. Alipanda jukwaani na kofia yake mkononi. Akasema tulicheza kwa ushujaa, na kombe lilikuwa letu, tulikuwa tumelishika, lakini kapteni alikuwa ameumia mkono na alikuwa anaficha maumivu kwa sababu ya kuipenda shule. Akasema mwalimu mwingine angemwacha aendelee. Akasema yeye alifikiria mtoto kwanza, kombe baadaye, kwa sababu kombe linatafutwa tena na mkono wa mtoto hautafutwi. Pale nadhani alikuwa ameanza kuyaamini maneno yake mwenyewe. Mwalimu mkuu akaanza kupiga makofi, walimu wakafuata, kisha shule yote, na metroni kule nyuma akiwa ameinamisha kichwa, na Achieng aliyesimama bega kwa bega nami akipiga kwa nguvu huku ananigusa kiwiko nipige na mimi. Nilikunja mkono wangu wa kulia, nikaunyoosha, nikaukunja tena. Haukuwa na maumivu yoyote. Nikaushusha ukakaa ubavuni, na makofi sikupiga.